Janani Luwum: Mchungaji Asiyelikimbia Kundi

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uleule ulioenea hadi Embu na miteremko mingine ya Mlima Kenya. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Idi Amin alipozidi kuua raia, Luwum hakushika silaha wala hakunyamaza. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia barua ya kuyapinga mauaji hayo. Aliposihiwa atoroke, alikataa. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia uhamishoni, alimsamehe Amin hadharani. Njia zao zilitofautiana, lakini hakuna aliyelipiza kisasi wala kuificha kweli. Ustahimilivu, basi, si ububu.