J. J. Thomson, Mwalimu wa Wapima Atomu

Wasomaji wenzangu, katika somo la kemia twafundishwa kwamba atomu za elementi moja zaweza kuwa na uzito mbalimbali. Napenda kuwaeleza habari za mwalimu aliyefungua njia ya kulijua jambo hilo.

Joseph John Thomson alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1856. Baba yake, muuza vitabu, alitaka mwanawe awe mhandisi; lakini alifariki mwaka 1873, na ada ya kujifunza kazi hiyo haikupatikana. Kijana akashika hesabu kwa bidii, akapata msaada wa masomo kwenda Cambridge mwaka 1876. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alichaguliwa kuwa profesa wa fizikia. Mwaka 1897 alithibitisha kuwapo kwa elektroni.

Mikono yake haikuwa hodari kwa vyombo, hivyo kazi ya kuvishika aliwaachia wasaidizi. Mmoja wao alikuwa Francis Aston. Mwaka 1912 walipitisha umeme katika gesi ya neoni, wakaipinda miale iliyotokea kwa nguvu za sumaku na umeme. Atomu nyepesi hupindika zaidi ya nzito, na kila uzito huacha mstari wake katika bamba la picha. Palipotazamiwa mstari mmoja ilionekana miwili: wa 20 na wa 22.

Sisi wa Nchelenge hatushindwi kufahamu hayo. Mvuvi akipima samaki wote wa mtumbwi pamoja, kisha akagawanya kwa idadi yao, hupata wastani, na pengine hakuna samaki hata mmoja mwenye uzito huo. Ndivyo neoni ilivyohesabiwa kuwa 20.2.

Thomson mwenyewe alisita kukubali kwamba neoni ni za namna mbili. Aston hakuacha. Mwaka 1919 alitengeneza chombo bora zaidi, akalithibitisha neno hilo, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Thomson, aliyepata yake ya fizikia mwaka 1906, alifariki mwaka 1940, akiwa amewaona wanafunzi wake kadhaa, hata mwanawe George, wakiipata pia.

Wengi wetu tunaomaliza masomo hatujui ada ya chuo itatoka wapi. Mimi nataka kuwa mwalimu wa sayansi papa hapa kando ya Mweru, na wako wanaoniambia kwamba kazi hiyo haina sifa. Basi na wamtazame Thomson: swali alilolianza yeye, mwanafunzi wake ndiye aliyelimaliza.