Drazen Petrovic: Fundi wa pointi 62 aliyesugua benchi Portland

MSIMU wa 1990/91 Portland Trail Blazers ilikuwa haishikiki. Katika mechi 20 za mwanzo za Ligi ya Kikapu Marekani (NBA) ilishinda 19. Mji mzima ulikuwa na mzuka. Huku mwisho wa benchi, na nguo zake za kupashia misuli hajazivua, alikaa jamaa ambaye chini ya miaka miwili nyuma alikuwa ametupia pointi 62 katika fainali moja ya Ulaya.

Huyo ni Drazen Petrovic. Siku nyingine aliingia kwa dakika nne au tano. Siku nyingine hakuvua hata hilo koti.

Mashabiki wa soka tuna majibu mawili ya haraka kwa mchezaji anayesugua benchi. La kwanza ni kwamba kiwango hana. La pili ni kwamba kocha ana lake jambo. Habari ya Petrovic haikubali jibu lolote kati ya hayo, na ndiyo maana watu wa kikapu hawajaacha kuijadili, ingawa mwenyewe amefariki tangu 1993.

MTOTO WA SIBENIK

Alizaliwa Oktoba 22, 1964 Sibenik, mji wa pwani ya Croatia, wakati huo ikiwa sehemu ya Yugoslavia. Baba alikuwa polisi, mama alifanya kazi maktaba. Kaka yake, Aleksandar, alicheza kikapu na mdogo akafuata nyayo. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, Drazen alikuwa anaingia ukumbini peke yake na kurusha mamia ya mitupo. Tabia hiyo hakuiacha hadi anakufa.

Akiwa kijana mdogo tayari alikuwa kikosi cha kwanza cha Sibenka, timu ya nyumbani, na akaifikisha fainali ya Kombe la Korac mwaka 1982 na 1983. Zote mbili walifungwa na Limoges ya Ufaransa. Mwaka huohuo wa 1983, akiwa na miaka 18, alifunga mitupo miwili ya adhabu mwishoni mwa mechi ya kuamua bingwa wa Yugoslavia dhidi ya Bosna. Sibenik ikalala bingwa. Kesho yake shirikisho likafuta matokeo kwa sababu ya uamuzi wa refa na kuamuru mechi irudiwe. Sibenka wakagoma, kombe likaenda kwa Bosna.

Baada ya mwaka mmoja jeshini alijiunga na Cibona ya Zagreb, aliko kaka yake, na huko ndiko alikoitikisa Ulaya. Klabu Bingwa Ulaya alichukua 1985 mbele ya Real Madrid, akachukua tena 1986 mbele ya Zalgiris Kaunas ya lile jitu Arvydas Sabonis. Oktoba 1985 alifunga pointi 112 kwenye mechi moja ya ligi. Haki isemwe: siku ile wapinzani, Olimpija ya Ljubljana, walichezesha watoto kwa sababu ya matatizo ya usajili. Lakini 112 ni 112, na watoto nao wana mikono.

Mwaka 1988 akatua Real Madrid. Machi 1989 ukaja usiku wa Athens, fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Caserta ya Italia. Mbrazili Oscar Schmidt aliifungia Caserta pointi 44. Petrovic akafunga 62, na Madrid wakashinda 117-113 katika muda wa nyongeza.

Portland walikuwa wamemchagua tangu 1986 katika drafti, ule mpango wa timu za NBA kuchagua vijana kwa zamu. Alikuwa chaguo la 60, raundi ya tatu, yaani mtu wa kubahatisha. Baada ya Athens hawakubahatisha tena. Mwaka 1989 Madrid wakalipwa fedha za kuvunja mkataba na jamaa akapanda ndege.

HESABU YA DAKIKA

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mechi ya NBA ina dakika 48. Timu ina nafasi mbili za walinzi, wale wafupi wanaoanzisha mashambulizi na kupiga kutoka mbali. Mara mbili 48 ni 96. Hizo ndizo dakika zote zilizopo kwa watu wa nafasi ya Petrovic, na haziongezeki hata ukiwa fundi kiasi gani.

Portland ilikuwa na Clyde Drexler na Terry Porter. Drexler alikuwa nyota wa timu, kipenzi cha mji. Porter ndiye aliyeendesha mpira. Ukiwapa dakika 35 kila mmoja, na walistahili, zinabaki 26. Hizo nazo zilikuwa na mwenyewe mwingine, Danny Young, mtu wa kazi asiyepoteza mpira ovyo. Msimu wake wa kwanza Petrovic aliambulia wastani wa dakika 12.6.

Halafu kuna suala la kukaba. Ulaya timu iliruhusiwa kukaba kwa kugawana maeneo, na mchezaji mwenye miguu mizito angeweza kufichwa kwenye kona yake. NBA ya wakati ule ilikataza hilo. Kila mtu na mtu wake, na kama mtu wako ni mwepesi kuliko wewe, uwanja mzima unaona. Petrovic hakuwa mwepesi. Aliyekuwa akikabwa na timu nzima Zagreb sasa alitakiwa kumzuia mtu mmoja, na wapinzani walijua pa kupitia.

Tena kulikuwa na mpira wenyewe. Cibona kila shambulizi lilianzia mikononi mwake. Alizoea kuuchezea mpira, kumchosha beki, kukosa mitupo mitatu na bado akapewa wa nne. Portland alitakiwa kusimama pembeni asubiri Drexler avutie mabeki, kisha apokee na kurusha papo hapo. Mtu wa kupashwa moto kwa robo nzima unampa dakika sita, na akikosa mara mbili anaitwa. Straika aliyewahi kuingizwa dakika ya 85 anaelewa.

Na juu ya yote, timu ilikuwa inashinda. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Adelman alikuwa amekabidhiwa timu katikati ya msimu uliotangulia, hana jina, na msimu wake wa kwanza kamili akashinda mechi 59 na kufika fainali ya NBA, ambako walifungwa 4-1 na Detroit Pistons ya kocha Chuck Daly. Kocha gani atavuruga kikosi hicho ili kumfurahisha mtu wa akiba? Mimi nisingefanya.

Ila kuna kitu kimoja Adelman alikuwa nacho mezani na sijui kwa nini hakikumsumbua. Katika dakika zile 12.6 Petrovic alifunga wastani wa pointi 7.6, na mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia karibu 46. Gawa mwenyewe: ni pointi 0.6 kwa kila dakika. Kwa mtu anayeingia baridi na kutoka kabla hajatoa jasho, hiyo ni kazi nzito.

Badala ya kuongezewa dakika, kiangazi cha 1990 Portland ikamleta Danny Ainge, mzoefu aliyekwisha kutwaa ubingwa na Boston Celtics. Foleni ikarefuka. Petrovic alitoka kutwaa ubingwa wa dunia na Yugoslavia kule Buenos Aires, akarudi kukuta ameshuka daraja. Alicheza mechi 18 tu, wastani wa dakika 7.4.

Kulalamika alilalamika, hakuficha. Hoja kubwa ilikuwa kurudi Ulaya, ambako angepokewa kama mfalme na kucheza dakika zote. Marekani wengi walikuwa wanaamini kwamba Mzungu wa Ulaya hana ubavu wa NBA, na yeye kurudi kungekuwa kama kuwapa risiti. Akakataa kurudi. Aliomba auzwe, na wakati anasubiri alikuwa akiinua vyuma na kubaki ukumbini wenzake wakiwa wameshaondoka.

Watanzania benchi la NBA tunalijua kupitia Hasheem Thabeet, chaguo la pili katika drafti ya 2009, aliyekwenda Memphis akaishia kuhesabu dakika, na mwaka 2012 akapitia Portland hiyohiyo. Yake ni habari nyingine, ya mtu mrefu aliyekuwa bado anajifunza. Petrovic alifika akiwa ameshahitimu.

NEW JERSEY

Januari 23, 1991 biashara ikafanyika kati ya timu tatu. Denver ikampeleka Walter Davis Portland, na Petrovic akaenda New Jersey Nets. Tazama kichekesho chake: Portland ilimwachia mrushaji wa miaka 26 ikachukua mrushaji wa miaka 36. Mwaka huo ikatolewa na Lakers katika fainali ya ukanda wa magharibi.

Nets ilikuwa timu mbovu, na timu mbovu ina dakika nyingi za kugawa. Kwa nusu msimu iliyobaki alipewa dakika 20 na ushee, akafunga wastani wa pointi 12.6. Ndiyo, pointi zake sasa zilikuwa sawa na dakika zake za Portland. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82, dakika karibu 37, pointi 20.6, na Nets ikafuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1986. Uliofuata tena akapanda hadi pointi 22.3 kwa dakika 38.

Rudi kwenye kugawa. 22.3 kwa 38 ni pointi 0.59 kwa dakika. Portland ilikuwa 0.60. Aliongeza nguvu na alijifunza kukaba, hilo halina ubishi. Lakini mfungaji ni yuleyule, kasi ileile. Kilichobadilika ni saa.

Kati ya misimu hiyo kulikuwa na Olimpiki ya Barcelona 1992. Yugoslavia ilikuwa imesambaratika kwa vita, na yeye akaiongoza Croatia, nchi mpya, hadi fainali dhidi ya Marekani ya Michael Jordan na Magic Johnson. Walifungwa 117-85. Petrovic alifunga 24. Upande wa pili alikuwepo Drexler, aliyekuwa mbele yake Portland, na kocha alikuwa Chuck Daly, ambaye msimu uliofuata ndiye aliyemfundisha Nets.

Msimu huo wa 1992/93 hakuitwa kwenye mechi ya nyota wa NBA na lilimuuma sana. Mwisho wa msimu akatajwa kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi. Mkataba wake na Nets ulikuwa umefika ukingoni, na kwenda Ugiriki lilikuwa jambo analolifikiria.

Juni 1993 aliichezea Croatia katika mechi za kufuzu kule Poland. Wenzake walirudi kwa ndege, yeye akaamua kumalizia safari kwa gari kupitia Ujerumani. Juni 7 mvua ilikuwa inanyesha katika barabara kuu ya Bavaria, karibu na Denkendorf. Lori likavuka kutoka upande wa pili na kuziba njia, na gari alilopanda likaligonga. Hakuwa anaendesha, alikuwa amelala. Alikuwa na miaka 28.

Amezikwa makaburi ya Mirogoj, Zagreb. Mwaka 2002 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa kikapu Marekani. Novemba 1993 Nets waliistaafisha jezi yake namba 3. Namba 44 aliyovaa Portland haikustaafishwa, na miaka michache baadaye ilikuwa mgongoni kwa Brian Grant.