Bernard Palissy, mufinyanzi aliyechoma meza za nyumba yake

Wafinyanzi wengi wanajifunza kwa mama ao kwa baba. Bernard Palissy hakuwa na mutu wa kumufundisha. Alizaliwa karibu mwaka wa 1510 kusini-magharibi mwa Ufaransa, akafanya kazi ya kuchora vioo vya madirisha, kisha akakaa na bibi na watoto katika muji wa Saintes. Siku moja alionyeshwa kikombe cha udongo chenye kufunikwa na emaye nyeupe, laini kama kioo. Hata kuchoma nyungu hakujua, lakini akaamua kutafuta siri ya ile emaye mwenyewe.

Kazi hiyo ilikula miaka karibu 16. Alisaga mawe na madini, akayapakaa kwenye vigae, akaviingiza motoni, vikatoka vibaya. Feza ilipoisha, alikwenda kupima mashamba ya chumvi ya pwani juu ya kodi ya mufalme, kisha akarudia tanuru. Mufanyakazi wake alilipwa nguo za Palissy mwenyewe. Kuna siku kuni ziliisha na emaye bado haijayeyuka: akachoma miti ya bustani, kisha meza, kisha mbao za sakafu. Majirani walisema ni mwendawazimu, wengine wakasema anatengeneza feza za uongo. Bibi yake alimukaripia, na kusema kweli alikuwa na haki, maana nyumba nzima ilikuwa inaishi na deni. Mara ingine emaye iliyeyuka vizuri, kumbe vijiwe vya ndani ya tanuru vimepasuka na kubandika vipande vyenye kukata juu ya kila chombo. Watu walitaka kuvinunua kwa bei ya chini, akavivunja vyote.

Alipofaulu, hakuiga kikombe cha mutu. Alichukua nyoka, mijusi, vyura, samaki na makombe, akapata umbo lao kwa plasta, mpaka gamba moja-moja. Sahani zake ni kama kipande cha muto: maji, majani, nyoka katikati. Si za kuwekea bugali!

Wakubwa wakazipenda sana. Palissy alikuwa Muprotestanti, na alipofungwa mara ya kwanza, katika miaka ya 1560, hao wakubwa njo walimutoa. Catherine de Médicis, mama ya mufalme, akamwita Paris ajenge pango la udongo katika bustani ya Tuileries. Kule, mutu huyo asiyejua Kilatini alifundisha wasomi, nao walilipa ili wamusikilize. Aliwaeleza kama makombe yenye kuonekana ndani ya mawe yalikuwa wanyama wa kweli zamani, na kama maji ya chemchemi yanatoka kwa mvua. Aliyaandika katika buku lake la 1580.

Vita vya dini vilipozidi, urafiki wa wakubwa haukutosha tena. Alikataa kuacha imani yake, akafungwa akiwa muzee wa karibu miaka 80, akafia katika gereza la Bastille karibu mwaka wa 1590.

Katika miaka ya 1980, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua karibu na Louvre mabaki ya karakana yake, pamoja na vipande vya plasta alivyotumia kupata maumbo ya wanyama wake.