Maisha ya Samuel Johnson na Ufundishaji wa Maneno ya Fasihi ya Kiingereza

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi hukutana mapema na maneno kama 'simile', 'metaphor', 'irony' na 'personification'. Mengi ya hayo ameyajua tayari kwa Kiswahili: tashibiha, istiara, kinaya, tashihisi. Hata hivyo hutokea mara nyingi kwamba huyanakili daftarini pamoja na maelezo yake, huyakariri, hufaulu mtihani, kisha husimama mbele ya watoto asiweze kutoa mfano hata mmoja ambao haukutoka katika kitabu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyepambana na jambo hilo hilo kwa miaka mingi, Samuel Johnson wa Uingereza. Wengi humjua kwa kamusi yake. Wachache hukumbuka kwamba kwanza alikuwa mwalimu wa shule, na kwamba kazi hiyo ilimshinda.

Johnson alizaliwa mwaka 1709 katika mji wa Lichfield. Baba yake, Michael, alikuwa muuza vitabu, na duka lake lilikuwa katika nyumba iyo hiyo waliyoishi. Ugonjwa wa matezi ulimshika mtoto tangu uchanga, ukamwachia makovu na kuyadhoofisha macho yake, hata jicho moja likawa karibu halioni. Mwaka 1712 mama yake alimpeleka London ili aguswe na Malkia Anne, kwani watu wa zama zile waliamini kuwa mkono wa mtawala huponya maradhi hayo. Haukumponya. Aidha, mwili wake ulikuwa na mishtuko ambayo hakuweza kuitawala: kichwa kilitikisika, mikono ilirukaruka, uso ulijikunja. Siku hizi wako madaktari wanaodhani kuwa alikuwa na ugonjwa wa neva uitwao Tourette, lakini wakati ule watu walimwona kioja tu. Kilichomlea ni duka la baba yake. Alisoma kila alichokifikia, pasipo utaratibu wowote, na vitabu vingi aliviacha katikati.

Mwaka 1728 aliingia chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Oxford. Baada ya miezi 13 hivi fedha zilikwisha, akarudi nyumbani bila shahada. Kwa kijana msomi asiye na shahada wala mali, kazi iliyokuwa karibu ni ualimu. Mwaka 1732 alipata nafasi ya mwalimu msaidizi huko Market Bosworth, akakaa miezi michache tu. Kazi yake ilikuwa kurudia kanuni zile zile za sarufi ya Kilatini siku baada ya siku. Alimwandikia rafiki yake kwamba hakujua lipi lilikuwa chungu zaidi, yeye kuzifundisha kanuni hizo au wavulana kujifunza. Alipoomba kazi mahali pengine, mwaka 1735, alikataliwa. Moja ya sababu ilikuwa hofu kwamba watoto wangeathirika kwa kutazama uso wake unavyojikunja.

Mwaka huo huo alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyempita umri kwa miaka 20, na kwa fedha za mkewe akafungua shule ya bweni katika kijiji cha Edial, karibu na Lichfield. Alitangaza katika gazeti kwamba vijana watalazwa na kufundishwa Kilatini na Kigiriki. Wanafunzi walikuja wachache mno; mwandishi wa maisha yake, James Boswell, anawahesabu watatu tu. Mmoja alikuwa David Garrick, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa Uingereza katika zama zake. Inajulikana kwamba wavulana hao walichungulia katika tundu la ufunguo la chumba cha mwalimu wao, na kwamba Garrick, hata alipokuwa mtu mzima, aliwachekesha watu kwa kuwaigiza Johnson na mkewe.

Mpango wa masomo alioutunga Johnson katika miaka ile umehifadhiwa, na unastahili kuangaliwa na kila mwanachuo. Unaanza kwa maumbo ya majina na vitenzi. Mtoto ayashike kwanza kikamilifu. Baada ya hapo ndipo apewe kitabu chepesi cha mazungumzo, na siku maalum za juma atahiniwe kanuni alizojifunza. Mtu aliyechukia kukariri kanuni kule Market Bosworth alipopata shule yake mwenyewe aliwawekea wanafunzi wake kanuni mlangoni. Wala tusimcheke. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, na mwalimu asiye na muda wa kufikiri hufundisha kama alivyofundishwa. Shule haikudumu. Machi 1737 Johnson na Garrick walishika safari kwenda London, mmoja akiwa mwalimu asiye na shule, na mwenzake akiwa kijana wa miaka 20 atafutaye kazi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Johnson aliandikia magazeti, alifasiri vitabu, wakati mwingine hakuwa na mahali pa kulala. Mwaka 1746 kundi la wauza vitabu lilipatana naye aandike kamusi ya Kiingereza kwa paundi 1,575, na wasaidizi awalipe yeye mwenyewe kutoka katika fedha hizo. Alikodi nyumba katika Gough Square, ambayo mpaka leo ingali imesimama, akageuza chumba cha juu kuwa karakana ya maneno. Wasaidizi sita, watano wao watu wa Scotland, walinakili humo kutwa.

Katika mpango aliouchapisha mwaka 1747 alitumaini kwamba kamusi ingeituliza lugha, isibadilike ovyo. Kazi ilikuwa hivi. Johnson alisoma vitabu vya washairi, wanazuoni na wahubiri, akapiga mstari kwa kalamu ya risasi chini ya neno alilolitaka, na pembeni akaandika herufi yake ya kwanza. Wasaidizi walinakili sentensi nzima katika kipande cha karatasi. Waliomwazima vitabu walirudishiwa vikiwa vimechorwachorwa, na si wote waliofurahi. Vipande viliongezeka kwa maelfu, ndipo shida ikazuka. Wachunguzi waliopitia mabaki ya kazi yake wanaona kwamba kwenye mwaka 1750 alilazimika kuiacha sehemu kubwa ya rasimu na kuanza upya, kwa sababu nafasi alizokwisha kutenga kwa ajili ya maana za kila neno hazikutosha. Mifano ilizifurika. Neno dogo kama 'take' lilimdai maana zaidi ya 100. Ilimbidi atoke katika mifano kuelekea kwenye maana, badala ya kushurutisha mifano iingie katika maana alizotangulia kuzipanga.

Hapo ndipo alipopita mbali na mwalimu yule wa Edial. Kamusi ilipotoka, Aprili 1755, ilikuwa na maneno zaidi ya 40,000 na mifano ipatayo 114,000 iliyotolewa vitabuni. Elizabeth hakuiona, alifariki mwaka 1752. Katika dibaji Johnson anakiri kwamba wengi aliotaka kuwapendeza wamekwisha kuzikwa, na kwamba lugha haiwezi kufungwa isigeuke. Anasema pia jambo ambalo mwalimu wa lugha yampasa alijue mapema: ili kulieleza neno huhitajika maneno mepesi kuliko lenyewe, na mara nyingine hayapatikani. Yeye mwenyewe alinaswa. Neno la kawaida 'network', ambalo mvuvi yeyote angelielewa kwa kuonyeshwa wavu, alilieleza kwa maneno ya Kilatini magumu mara kumi kuliko neno lenyewe, na watu wamekuwa wakilicheka elezo hilo tangu wakati huo.

Tazama sasa alivyofanya kwa 'irony'. Kwanza alieleza kwa ufupi kuwa ni usemi ambao maana yake ni kinyume cha maneno yanayotamkwa. Kisha akatoa mfano wa kumwita Bolingbroke mtakatifu. Msomaji wa mwaka 1755 alicheka papo hapo, maana Bolingbroke alikuwa mwanasiasa aliyefariki mwaka 1751, na maandishi yake ya kuipinga dini, yaliyochapishwa baada ya kufa kwake, yalikuwa yamemkasirisha Johnson kupita kiasi. Mfano ule ulifanya kazi ambayo ufafanuzi peke yake usingeweza. Lakini umpe mtoto wa darasa la sita huko Njombe au Kilifi mfano huo huo: hatacheka, kwa kuwa hamjui Bolingbroke, na asipojua kwamba sifa ile ni ya uongo atadhani ni sifa kweli. Kinaya chahitaji msikilizaji aujue ukweli kabla ya kuusikia usemi. Kwa hiyo mfano wa neno 'irony' hauna budi kuchimbwa katika mambo ambayo darasa zima linayajua: mwanafunzi aingiaye saa nne, na mwalimu amsifuye kwa kuwahi.

Jambo la pili, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni 'simile'. Vitabu vingi vya shule humfundisha mtoto kwamba kila sentensi ya kulinganisha yenye 'like' au 'as' ni 'simile'. Mtoto mtiifu akikutana na sentensi isemayo kwamba Juma anakimbia kama kaka yake, huandika 'simile', na mwalimu mwenye haraka humtilia alama ya vema.

Johnson alilichambua jambo hili katika uzee wake, alipoandika maisha ya washairi wa Kiingereza, kazi iliyotoka kati ya 1779 na 1781. Katika maisha ya Joseph Addison alilipitia shairi mashuhuri lililomsifu jemadari Marlborough baada ya ushindi wa mwaka 1704. Humo jemadari aongozaye vita amelinganishwa na malaika aongozaye dhoruba. Watu walikuwa wamelisifu sana fungu hilo. Johnson alikataa kuliita 'simile' ya kweli, kwa sababu jemadari na malaika wanafanya karibu tendo lile lile kwa namna ile ile. Kusema kwamba mto mmoja hunywesha mashamba kama mto mwingine unavyonywesha, alieleza, ni kutoa mfano wa pili wa jambo lile lile. Tashibiha hugundua kufanana kati ya mambo ambayo kwa asili hayafanani. Kisha akatumia picha ambayo mwalimu aweza kuichora ubaoni kwa chaki: mifano ya aina moja ni mistari miwili iendayo sambamba, haikutani kamwe, tashibiha ni mistari itokayo pande mbili mbalimbali na kukutana katika nukta moja, na kadiri inavyotoka mbali ndivyo inavyozidi uzuri.

Ichukue picha hiyo darasani. Juma na kaka yake wanakimbia: mistari sambamba. Juma na swala: mistari inaanza kukaribiana, ingawa wote wawili hukimbia kwa miguu. Habari ya msiba iliyoenea kijijini kama moto katika nyasi kavu: habari haina miguu wala ndimi za moto, lakini mistari inakutana, na kila mtoto aliyewahi kuona nyasi zikiungua anaiona nukta. Baada ya mifano kama hiyo, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kiingereza baadaye, neno 'simile' lina mahali pa kukaa. Likitangulia peke yake linaelea.

Umbali nao una mpaka. Akiandika juu ya Abraham Cowley, Johnson aliwalaumu washairi fulani wa karne ya 17 kwa kuvifunga pamoja, kwa nguvu, vitu visivyotaka kufungwa. Ni yeye aliyelifanya jina 'metaphysical' liwashike washairi hao mpaka leo. Wahakiki wa karne ya 20 waliona kwamba aliwaonea, nami naungana nao; ila ni lazima kukiri kwamba aliwasoma kwa makini kuliko wengi waliowatetea.

Hakuwa mtu wa kujificha alipokosea. Katika kamusi aliandika kwamba 'pastern' ni goti la farasi, kumbe ni sehemu ya mguu iliyo juu kidogo ya kwato. Bibi mmoja alipomwuliza sababu ya kosa hilo, alijibu kwamba ni ujinga wake mwenyewe, ujinga mtupu. Sijui ni walimu wangapi tungejibu hivyo mbele ya mkaguzi.

Majuma machache baada ya kifo cha mkewe aliingia nyumbani mwake kijana Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica. Johnson aliuchukia utumwa waziwazi. Alimwajiri kijana huyo kuwa mtumishi, na baadaye, Barber akiwa mtu mzima tayari, akamlipia masomo katika shule ya Bishop's Stortford kwa miaka kadhaa. Johnson alipofariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa Westminster Abbey, sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na malipo ya paundi 70 kila mwaka, ilimwendea Barber. Barber alihamia Lichfield na mkewe na watoto wake. Fedha hazikudumu, na katika miaka yake ya mwisho alifungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, mwendo mfupi tu kutoka Edial.