Iwao Takamoto: Kijana wa kambini aliyekuchorea Scooby-Doo

Hebu rudi nyuma, enzi zile unapigania rimoti na ndugu zako. Kwenye skrini ni usiku, mwezi mpevu. Shaggy na mbwa wake wanajitembelea, ghafla wanakuta pikapu imeachwa njiani. Kwenye usukani ameketi askari wa kale aliyevaa chuma mwili mzima. Kumbe ndani hakuna mtu! Kichwa kinaanguka puu. Ulijifunika macho, lakini hukubadilisha stesheni.

Hicho ndicho kipindi cha kwanza kabisa cha Scooby-Doo, kilichoonyeshwa Marekani na CBS tarehe 13 Septemba 1969. Wengi wetu tulikiona miaka mingi baadaye na bado kilitubamba. Mimi nasema siri ni yule mbwa. Lijitu zima lile, na linaogopa kukuliko. Likitetemeka unacheka, na woga wako unaisha.

Aliyelichora anaitwa Iwao Takamoto, na maisha yake ni stori tosha.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1925, familia ya asili ya Japani. Japani iliposhambulia Pearl Harbor Desemba 1941, majirani wakaanza kuwaona watu kama yeye kama maadui. Mwaka uliofuata serikali ikawakusanya karibu watu 120,000 na kuwafungia kambini. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa papo hapo Marekani. Takamoto hata hakuwa amefika miaka 18. Yeye na familia yake walipelekwa Manzanar, jangwani California, wakazungushiwa seng'enge na walinzi wenye bunduki.

Sasa sikiza. Humo humo kambini alikutana na wafungwa wawili waliojua kazi ya uchoraji, wakamfunza. Chuo chake kilikuwa hicho tu.

Mwaka 1945 akaomba kazi Disney. Wakataka kuona kazi zake, na hakuwa nazo. Akanunua madaftari ya kuchorea, akayajaza kila kitu alichopenda kuchora, akawapelekea. Wakamwajiri. Mimi niliyeacha chuo katikati, nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo. Ni mara ngapi wewe na mimi tumekosa hata kujaribu kwa sababu hatuna karatasi?

Disney alishiriki filamu kama Lady and the Tramp na Sleeping Beauty. Mwaka 1961 akahamia kampuni ya Hanna-Barbera, na huko ndiko Scooby alikozaliwa. Kazini kulikuwa na mwenzake aliyefuga mbwa aina ya Great Dane. Takamoto akamuuliza mbwa bingwa wa aina hiyo anafaa kuwaje. Akaelezwa yote: mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, na kadhalika. Halafu akachora kinyume! Mgongo wa kibyongo, miguu ya matege, kidevu kikubwa, hata rangi si yenyewe. Mbwa ambaye mashindanoni angefukuzwa mlangoni ndiye dunia nzima ikampenda.

Turudi kwa yule askari wa chuma. Mwishoni anavuliwa kofia, na kumbe ni msimamizi wa jumba la makumbusho, aliyekuwa akiiba michoro halisi na kutundika ghushi. Hakuna jini, ni mtu na tamaa zake. Hadithi hiyo waliibuni wengine, Joe Ruby na Ken Spears, kwa hivyo sitamwekea Takamoto mawazo yasiyo yake. Lakini fikiria. Akiwa kijana, nchi yake ilimvisha yeye sura ya zimwi. Marekani iliomba msamaha rasmi mwaka 1988, ikaamua kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Kufikia hapo watoto wa dunia nzima walikuwa wamecheka na mbwa wake kwa karibu miaka 20.

Takamoto alifariki Januari 2007 akiwa na miaka 81. Wikendi hii kitafute kipindi hicho cha kwanza, ukitazame na mdogo wako. Mbwa akianza kutimua mbio, angalia ile miguu.