Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Mwana wa Mara Ugenini

Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mgaya wa Nyang'ombe. Wengi tunamkumbuka kama Rais wa kwanza wa Tanzania. Leo tumtazame kama mgeni, kwa maana sehemu kubwa ya ujana wake aliishi mbali na nyumbani.

Ugeni huo ulianza mapema. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi. Nyumbani alizungumza Kizanaki. Shuleni ilimpasa ajifunze Kiswahili. Baadaye alisoma Tabora na Makerere, Uganda. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa Nyegina kwa jina la Julius.

Mwaka 1949, kwa msaada wa Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Huko hata mambo madogo ya kila siku yalikuwa na kipimo kingine. Kwetu saa huhesabiwa tangu macheo, na mchana hukaribia kulingana na usiku mwaka mzima. Edinburgh, mwezi Desemba, jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kuchwa kabla ya saa 10 alasiri. Mwezi Juni huchwa saa 4 usiku. Fedha nazo zilitaka uangalifu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza, lakini yetu iligawanywa katika senti 100, yao katika peni 12. Mgeni aliyenunua mkate alianza hesabu upya kama mtoto wa shule.

Aendaye ugenini hukutana na vishawishi viwili: kuyadharau ya wenyeji, au kujifunza ya wenyeji hata akayadharau ya kwao. Mwalimu alijifunza, akahitimu shahada yake mwaka 1952, akarejea. Kisha huko Butiama akajenga nyumba, akikanda udongo kwa mikono yake mwenyewe. Watu walistaajabu, kwani msomi wa Ulaya hakutazamiwa kushika tope. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Waningu, halafu akaenda kufundisha Pugu.

Alifariki ugenini, London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri ulianzia katika Jimbo la Musoma.

Wapendwa, vijana wetu wa Mbalibali nao huondoka kwenda masomoni na kazini katika miji na nchi za mbali. Tuwaombee wajifunze vipimo vya huko kwa unyenyekevu, wala wasiipoteze njia ya kurudi nyumbani. Nasi tumpokee kwa uvumilivu mgeni anayekosea desturi zetu, kwa kuwa naye anajifunza.