Chemirocha: Mwili wa Jimmie Rodgers, Filamu Yake na Kinubi cha Kapkatet

Mwanamuziki Jimmie Rodgers hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika, wala hapana ushahidi kwamba aliwahi kusikia habari za Wakipsigis. Hata hivyo, katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho kushuka Litein na Kapkatet hadi upande wa Bomet, jina lake liliimbwa kwa kinubi na vijana waliozaliwa karibu na mwaka aliokufa. Hawakumwita Rodgers. Walimwita Chemirocha, na walipomsawiri walimpa mwili wa aina yake: nusu mtu, nusu paa. Wahakiki wengi waliogusia kisa hiki wamekichukulia kama kichekesho cha wanakijiji na santuri. Huo ni usomaji mwepesi, kwa sababu mwili ndio uliokuwa tatizo kuu la maisha ya mtu huyu tangu alipofikia umri wa miaka ishirini na sita au saba, na mwili huohuo ndio uliofichwa katika filamu pekee aliyoigiza.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, kusini mwa Marekani, na mji unaohusishwa naye zaidi ni Meridian katika jimbo la Mississippi. Mamaye alifariki angali mtoto mdogo. Babaye alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, kwa hivyo mtoto alilelewa huku na huku, baina ya jamaa na kambi za reli. Aghalabu husimuliwa kwamba alianza kwa kuwabebea maji vibarua, wengi wao Wamarekani weusi, na kwamba nyimbo zao za kazi ndizo zilizokuwa darasa lake la kwanza. Dai hili lina uzito, maadamu nyimbo zake za baadaye zina umbo la bluu lisilofichika: mistari inayorudiwa, malalamiko yaliyochanganywa na mzaha. Alipokua aliajiriwa kuwa mtu wa breki katika magari ya mizigo. Kazi hiyo, kabla ya breki za hewa kuenea kila mahali, ilimtaka mtu apande juu ya mabehewa yakiwa mwendoni, mvua au jua, na kuzungusha magurudumu ya breki kwa mikono. Ilikuwa kazi ya kifua na misuli.

Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Walipata mabinti wawili, na wa pili akafa mchanga mwaka 1923. Mwaka uliofuata Rodgers aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Ikumbukwe kwamba dawa ya streptomaisini haikugunduliwa hadi mwaka 1943. Kabla ya hapo mgonjwa aliagizwa apumzike, ale vizuri, na atafute hewa kavu. Maskini hakuweza lolote katika hayo matatu. Rodgers alijaribu Florida, akajaribu Arizona, akarudi kwenye reli mara kwa mara na kila mara mapafu yakamtoa. Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2025, iliutazama ulemavu pamoja na athari zake katika ushiriki wa mtu kwenye jamii na uchumi. Kwa kipimo hicho, ni vigumu kumwita Rodgers wa mwaka 1924 jina jingine. Alikuwa kijana mwenye fani moja, na fani hiyo ilikuwa imefungwa mbele yake.

Muziki, basi, ulikuwa kimbilio la mtu aliyekosa kazi. Mnamo Agosti 1927 alifika Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa akisaka waimbaji. Rodgers alirekodi nyimbo mbili hapo. Mwezi Novemba mwaka uo huo, huko Camden, New Jersey, akarekodi ule uliomfanya mashuhuri, "Blue Yodel", wa kwanza katika mfululizo wa nyimbo kumi na tatu. Umahiri wake ulikuwa katika kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kileleni na kuirejesha, mbinu iliyosifika katika milima ya Ulaya, lakini yeye akaifunga kwenye bluu za kusini. Msikilizaji asiyeelezwa hawezi kukisia kwamba sauti hiyo inatoka katika mapafu yanayooza. Mnamo Julai 1930, Los Angeles, alirekodi wimbo wa tisa wa mfululizo huo, Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na Lil Hardin Armstrong akiwa kwenye piano. Mzungu wa Mississippi na Mweusi wa New Orleans katika santuri moja, zama zile za ubaguzi. Jina la Armstrong halikuchapishwa kwenye lebo.

Hapa ndipo filamu inapoingia. Mwaka 1929 kampuni za Columbia na Victor zilitoa filamu fupi ya sauti, The Singing Brakeman, isiyozidi dakika kumi hivi. Rodgers anaonekana katika mavazi ya mfanyakazi wa reli, kwenye mkahawa wa stesheni, akiwaimbia wanawake wawili nyimbo tatu kwa gitaa. Ni hazina kwa mwanahistoria, kwa kuwa hakuna filamu nyingine inayomwonyesha akiimba. Lakini ni hazina yenye uongo ndani yake. Mtu anayeonyeshwa kama mfanyakazi wa reli aliyepumzika kidogo kabla ya kurudi kazini alikuwa ameshafukuzwa na ugonjwa kutoka katika kazi hiyo. Hakohoi, hachoki. Sinema za enzi ile zilijua namna mbili tu za kumchora mtu mwenye mwili ulioharibika: kumhurumia au kumwogopa. Ambaye hakutakiwa kuhurumiwa wala kuogopwa alivishwa afya kama vazi la jukwaani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba yeye mwenyewe hakuficha. Mnamo Januari 1931 alirekodi "T.B. Blues", wimbo unaoutaja ugonjwa wake kwa jina, na mwaka uliofuata akautungia wimbo mwingine wa kujigamba kwamba ataushinda. Hapana budi kusema kwamba santuri zilimruhusu ukweli ambao kamera haikumruhusu. Alikuwa amejenga nyumba Kerrville, Texas, kwa ajili ya hewa yake, kisha gharama na afya vikamlazimu kuiacha. Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi mara ya mwisho. Kitanda kiliwekwa studioni ili alale baina ya wimbo na wimbo, na muuguzi akawa kando yake. Siku mbili baada ya kumaliza, tarehe 26 Mei, alifariki akiwa na umri wa miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa garimoshi.

Kericho yenyewe haikupitiwa na reli ya Uganda. Stesheni ya karibu ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, na pamoja na walowezi, wamisionari, wafanyabiashara na askari waliorudi vitani zilipanda milima hiyo gramafoni na santuri. Sauti ya Rodgers ilifika bila picha. Hakuna aliyeletewa The Singing Brakeman ili aone kofia na gitaa. Ilisikika sauti ya kiume inayopasuka na kupanda kama ya kiumbe mwingine, ikitoka ndani ya sanduku, na jina lake likatamkwa kwa ulimi wa Kikipsigis hadi likaanza kwa Che-, silabi inayofanana na ile inayofungua majina mengi ya kike katika lugha hiyo. Wenye masikio mazuri walijiuliza swali la haki: mwenye sauti hii ana mwili gani?

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Aliimbiwa nyimbo kadhaa zenye jina la Chemirocha, zikifuatwa na chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Uliovuma zaidi ni ule wa wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Tracey aliandika kuwa wasichana wanamwazia Chemirocha kama kiumbe nusu paa, na wanamwalika acheze kwa nguvu hadi nguo zimvuke. Mtu huweza kucheka. Lakini linganisha mwaliko huo na filamu ya mwaka 1929. Watayarishaji wa Columbia waliuona mwili wa Rodgers wakaufunika. Wasichana wa Kapkatet hawakuuona, wakaubuni tofauti na ya watu wote, na kwao tofauti hiyo haikuwa sababu ya kumwonea huruma wala ya kumtenga na ngoma. Kusema kwamba walijua habari za mapafu yake kutakuwa ni kuilazimisha fasihi simulizi ibebe isichobeba, hawakujua. Hata kifo chake, kilichotokea miaka kumi na saba kabla, hakikuhesabiwa katika wimbo: anaalikwa kama aliye njiani.

Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 na ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa miongo mingi zilisikilizwa na wageni kuliko wenyewe. Katikati ya mwongo wa 2010, maktaba hiyo, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha Kapkatet. Angalau mmoja wa walioshiriki mwaka 1950 alikuwa hai bado, mzee wa miaka themanini na zaidi, akaketi na kusikiliza ujana wake ukimwita Chemirocha.